Ugali Uwe Kitoweo

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Mbagala. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Ni fundi seremala, mtu wa makamo, na anaeleza kwamba mwaka mmoja uliopita alipimwa akaonekana ana ugonjwa wa kisukari. Akaambiwa aache sembe, ale dona. Akaacha sembe, akala dona. Akaambiwa aache sukari katika chai. Akaiacha, akatia asali. Sasa anauliza: kila nililoambiwa nimelifanya, mbona sukari haishuki? Au mashine zao ndizo mbovu?

Barua hiyo niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya pili sikutabasamu tena, kwa sababu niliona kwamba, ukiondoa ule useremala, barua hiyo ningeweza kuiandika mimi mwenyewe miaka sita iliyopita. Basi leo naomba niijibu mbele yenu nyote, maana naamini kwamba wanaohitaji jibu hili ni wengi, ila wengine hawajashika kalamu.

Mimi nilianza kwa kuamka usiku kwenda msalani, mara tatu, kisha mara nne, kisha mara tano. Nikadhani ni uzee. Kiu nikadhani ni joto la Dar es Salaam. Suruali ziliponipwaya nikafurahi, nikadhani mwili unarudi wa ujana. Kilichonishtua ni siku ile maandishi ya karatasi niliyokuwa nikiisoma studio yalipoanza kuogelea mbele ya macho yangu. Nikaenda kupima. Asubuhi hiyo, kabla sijala kitu, sukari yangu ilikuwa 13.

Kwa wale wasiozijua hesabu hizi, niseme kwamba vipimo vyetu huhesabiwa kwa milimoli katika kila lita ya damu. Mtu asiye na tatizo, akipimwa asubuhi kabla ya kula, huwa chini ya 6.1. Ikifika 7 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, huo ni ugonjwa wa kisukari. Mimi nilikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Nilipewa vidonge, na nikapewa karatasi. Karatasi ile ilikuwa na orodha ndefu, na juu yake neno moja kwa herufi kubwa: USILE. Nilipofika nyumbani mke wangu aliisoma kama mtu anayesoma hukumu. Kesho yake akanunua sufuria ndogo. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mapishi mawili, sufuria kubwa ya watu na sufuria ndogo ya Baba. Katika sufuria ndogo mlikuwa na kabichi iliyochemshwa bila mafuta wala chumvi, na pembeni ugali wa dona. Watoto walikuwa wakinitazama nikila kama wanavyomtazama mtu aliyelazwa wodini.

Sasa nitakiri jambo. Kabichi ile haikunishibisha. Na kwa kuwa karatasi haikusema lolote juu ya ukubwa wa ugali wa dona, nilikula dona hata sahani ikaonekana kama kichuguu. Tena, kila ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa natoroka ofisini kwenda kununua maandazi mawili na chai ya maziwa, nikasimama nyuma ya kibanda ili wenzangu wasinione. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, baba wa watoto wanne, nimejificha na andazi kama mwizi.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kliniki. Sukari ilikuwa 12 na kitu. Muuguzi aliyenipokea alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa pili, nami nilijiandaa kukaripiwa. Lakini yeye hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza, "Baba, hebu nionyeshe kwa mikono yako, ugali wako una ukubwa gani?" Nikaitanua mikono yangu miwili hewani. Akaitazama, akacheka kwa adabu, kisha akasema, "Baba, mlima wa dona nao ni mlima."

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa ndugu yangu wa Mbagala. Mashine si mbovu. Hebu tuone kwa nini.

Unga wa sembe na unga wa dona yote ni mahindi. Takriban robo tatu ya uzito wake ni wanga. Dona imebaki na ganda na kiini cha punje, kwa hiyo ina nyuzinyuzi zaidi, vitamini zaidi na madini zaidi, na ni chakula bora kuliko sembe. Hilo sibishani nalo. Lakini wanga ni wanga. Ukifika tumboni huvunjwavunjwa ukawa sukari iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Ngumi moja ya ugali wa dona ni nafuu kuliko ngumi moja ya sembe. Ngumi nne za dona ni mzigo mzito kuliko ngumi moja ya sembe. Na tunayoyasema juu ya dona tuyaseme pia juu ya mtama, ulezi, muhogo, magimbi, ndizi mbichi na viazi vitamu. Vyote ni vyakula vizuri vya nchi yetu, na vyote vina wanga.

Ili tuelewane, fikirini kituo cha daladala wakati wa jioni. Kituo ni damu. Abiria waliosimama ni sukari. Daladala ni seli za mwili, hasa za misuli, ambazo zinawahitaji abiria hao ili zipate nguvu. Konda anayefungua mlango ni homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, konda yupo, lakini milango imekuwa mizito. Anavuta, haifunguki sawasawa, hasa mwili unapokuwa umejaa mafuta ya tumboni na kwenye ini. Kongosho huongeza makonda, miaka inapita, mwishowe nalo huchoka. Abiria wanabaki wamejazana kituoni.

Sasa, ukila mlima wa ugali umeshusha kituoni abiria mia kwa mpigo. Ukila ugali kidogo pamoja na mchicha mwingi na maharage, abiria wanafika wawili wawili, na hata konda aliyechoka huweza kuwapandisha. Kwa hiyo yako maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni chakula gani. La pili, ambalo sisi wengi hatujiulizi, ni kiasi gani na kimeandamana na nini.

Binti yule hakuishia hapo. Aliniuliza jana yake nilikula nini. Nikajibu, "Ugali." Akauliza, "Na nini?" Nikamjibu, "Na mboga tu ya kawaida." Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba hata katika maneno yetu jambo hili linaonekana. Kwetu sisi chakula ni ugali, au wali, au ndizi. Vingine vyote, iwe nyama, samaki, maharage au matembele, tunaviita mboga au kitoweo, yaani kitu cha kusindikizia chakula. Kipande kimoja cha samaki husindikiza matonge ishirini. "Wewe Baba," akaniambia, "geuza. Mboga iwe ndiyo chakula, ugali uwe kitoweo."

Nataka kila msikilizaji mwenye kisukari aondoke na sentensi hiyo hata kama atasahau mengine yote. Sasa niieleze inavyokuwa mezani.

Chukua sahani ya kawaida, wala usichukue bakuli wala sinia. Igawe kwa macho katika nusu mbili. Nusu moja ijaze mboga zisizo na wanga mwingi: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu, au kachumbari. Nusu ya pili igawe tena mara mbili. Robo moja iwe samaki, dagaa, yai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi, ama maharage, kunde, choroko au dengu, ambazo zina wanga lakini wanga wake huenda polepole. Robo ya mwisho ndiyo ya ugali, au wali, au ndizi, au viazi, au chapati. Kiasi chake ni kama ngumi yako mwenyewe.

Naomba mlisikie vizuri hilo neno "au". Katika sherehe zetu hatusemi "au", tunasema "na". Pilau na chapati na viazi vya kukaanga, kisha soda. Hizo ni robo tatu za sahani zilizojificha chini ya majina mbalimbali. Ukichagua pilau, chapati iache ipite. Ukitaka chapati, chukua moja, na wali uache upite.

Zipo hila ndogo mbili zinazosaidia, na utafiti umezithibitisha. Ya kwanza ni kuanza na mboga na samaki kabla hujagusa wanga, kwa maana sukari hupanda kidogo zaidi ukila kwa mpango huo. Ya pili ni kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula. Misuli inayofanya kazi hufungua milango yake yenyewe bila kumngoja konda. Mimi siku hizi nikimaliza chakula cha jioni nazunguka mtaa mara mbili. Majirani mwanzoni walidhani nimegombana na mama watoto.

Tuje kwenye chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu nne. Mimi nilikuwa natia vitatu katika kikombe, na kwa siku nilikunywa vikombe vinne. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu hamsini. Zidisha kwa siku thelathini, unapata karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mwezi, ya mtu mmoja, katika chai peke yake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nami nilikuwa nakijaza kibaba changu kila mwezi na kukimwaga katika damu. Sikuacha kwa siku moja. Nilipunguza kijiko kimoja, nikakaa majuma mawili mpaka ulimi ukazoea, nikapunguza cha pili, kisha cha tatu. Nikaongeza tangawizi, iliki na mchaichai. Leo nikipewa chai ya sukari naiona kama dawa ya kikohozi.

Kuhusu asali, ndugu yangu wa Mbagala, samahani sana, lakini asali ni sukari. Imetengenezwa na nyuki badala ya kiwanda, ila ikifika kwenye damu haiulizwi imetoka wapi. Sukari guru nayo ni vivyo hivyo. Juisi ya miwa ya pale stendi, hata ikitiwa ndimu na tangawizi, ni sukari ndani ya maji. Soda ya chupa ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vinane au tisa vya chai, na huteremka kooni kwa dakika mbili.

Matunda je? Watu wengi wenye kisukari wameyaacha kabisa kwa hofu, na hilo ni kosa la upande wa pili. Chungwa moja likiliwa zima, pamoja na nyama zake, ni chakula chema. Machungwa manne yakikamuliwa katika bilauri moja ni jambo jingine, kwa sababu hakuna mtu anayekaa akamenya machungwa manne kwa mpigo, lakini kuyanywa ni rahisi. Basi kula tunda, usilinywe. Chungwa moja, au kipande cha papai, au nusu ya embe. Uji nao tuuangalie, hata ule wenye unga wa nafaka nyingi. Unga laini uliopikwa ukawa majimaji husagika haraka tumboni, na tukiutia sukari tumeongeza abiria juu ya abiria.

Iko pia imani kwamba vitu vichungu huua sukari. Mtu anakula keki ya harusi, kisha anakunywa mwarobaini ili kuifuta. Uchungu wa mdomoni hauondoi utamu wa damuni. Kama ungeondoa, wagonjwa wa kisukari tungekuwa tumekwisha zamani.

Sasa nasikia msikilizaji mwingine akisema: haya ni maneno ya watu wenye jiko na friji; mimi nakula kwa mama ntilie. Hata mimi nakula kwa mama ntilie. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Mama, nipunguzie wali, niongezee mchicha na maharage," alinitazama kwa huruma akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, leo hali mbaya?" Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba na yeye mama yake mzazi anaumwa ugonjwa huo huo. Tangu siku hiyo siagizi tena. Akiniona nakuja sahani yangu anaijua.

Na yuko atakayesema jambo zito zaidi ya hilo. Atasema ugali ni mkubwa kwa sababu ugali ni rahisi, na familia ya watu saba haishibi kwa mchicha. Hilo ni kweli, wala sitalipita kana kwamba sikulisikia. Ugali mkubwa ndio uliotulea wengi wetu. Ninachoweza kusema ni kwamba katika sahani hii vitu vingi si vya tajiri. Matembele huota hata kwenye gunia kuukuu lililojazwa udongo mlangoni. Dagaa, maharage na kunde ni vyakula vya kila siku. Na fedha iliyokuwa ikienda kwenye soda, maandazi na ile kilo na nusu ya sukari, mke wangu aliihesabu, na ndiyo inayonunua mboga zetu hivi leo.

Hapa tukumbuke tumetoka wapi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kwamba wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wenye sukari ya juu ni kama 9 katika kila mia. Hesabu hizo mbili hazilingani sawasawa, kwa kuwa moja ni ya vijiji na nyingine ni ya nchi nzima, lakini mwelekeo wake hauhitaji mkalimani. Babu zetu walikula mlima wa ugali, kisha wakaushukia kwa jembe tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Sisi tumerithi sahani ya mkulima, tukaketi nayo kwenye kiti cha karani.

Ndugu wasikilizaji, sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana nakuja kwenye sehemu inayoniuma.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, alikuwa na ugonjwa huu kabla yangu. Yeye habari za chakula alizisikia kupita kiasi. Aliambiwa na mtu mmoja kwamba akila vizuri na kunywa unga wa kwenye chupa fulani hahitaji vidonge tena. Akaacha vidonge. Akajisikia vizuri. Hapo ndipo ilipo hila ya kisukari, kwamba hakiumi. Kinafanya kazi kimya kwenye mishipa ya macho, ya figo, ya moyo na ya miguu. Siku moja alitobolewa na msumari uliopenya kandambili, asijue, kwa sababu mishipa ya fahamu ya unyayo ilikuwa imekufa ganzi. Aliyegundua kidonda ni mjukuu wake, kwa harufu. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri ninachosema na nisichosema. Sisemi chakula kichukue nafasi ya dawa. Nasema dawa bila chakula ni kama kuteka maji kwa pakacha. Vidonge ambavyo wengi wetu tunapewa ni vya metformini. Dawa hiyo asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya, na daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyetangaza mwaka 1957 jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Basi mimi sina ugomvi na mimea. Ugomvi wangu ni na chupa isiyo na kipimo na mtu asiyekupima damu baada ya kukuuzia.

Ni kweli kwamba wapo waliofika mahali pa kuacha vidonge. Utafiti mmoja wa Uingereza, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, uliwachukua watu ambao ugonjwa wao haukuzidi miaka sita, ukawapunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao walikuwa na sukari isiyofika kiwango cha ugonjwa, na bila dawa. Lakini walifanya hivyo mikononi mwa madaktari na wauguzi, wakipimwa, na uzito ukirudi ugonjwa nao huweza kurudi. Anayeamua kupunguza dawa ni daktari akiwa na vipimo mkononi. Mgonjwa hapunguzi kwa sababu amejisikia vizuri.

Upande wa pili wa jambo hilo ni huu. Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vya aina ya glibenklamaidi, usipunguze chakula ghafla wala usiruke mlo bila kumwambia daktari wako. Sukari inaweza kushuka mno, chini ya 4, na hiyo ni hatari ya papo hapo. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo ndipo sukari inageuka kuwa dawa. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, unywe, upime tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ule chakula. Mgonjwa akizimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja. Na wale wanaotaka kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, waende kuonana na daktari majuma kadhaa kabla ya mfungo. Wasingoje siku ya kwanza.

Nirudi nyumbani kwangu, ndipo nimalize.

Siku niliyotoka kliniki na maneno ya yule binti nilimwambia mke wangu kila kitu, pamoja na habari za maandazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Hakunigombeza. Aliichukua ile sufuria ndogo akaiweka juu ya kabati, na huko iko hadi leo. Alisema, "Kama chakula hiki ni kizuri kwako, kitawadhuru vipi watoto?" Hapo alisema jambo ambalo hata karatasi haikusema, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo, na watoto wangu wanne wana baba na baba mkubwa wenye kisukari. Sasa tunapika chungu kimoja. Kijana wetu anayecheza mpira huchukua ngumi tatu za ugali, na anastahili. Mimi huchukua moja. Chungu ni kimoja, sahani ndizo zinazotofautiana. Mboga zinaungwa kwa nyanya, vitunguu na kijiko cha mafuta, chumvi kidogo, na zina ladha ya chakula. Sukari yangu ya asubuhi siku hizi hucheza kati ya 6 na 7, na vidonge vyangu nameza kama nilivyoandikiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbagala, endelea na dona, ni nzuri, ila ipime kwa ngumi. Asali irudishe kabatini. Rudi kliniki, wala usiende na lawama juu ya mashine. Nenda uionyeshe mikono yako kwa ukweli. Na nyumbani wasikupikie peke yako.

Kaka yangu amehamia kwetu tangu mwaka juzi. Jioni tunaketi mkekani pamoja, magongo yake yameegemea ukutani. Vidonge vyake anavimeza mbele yangu, nami namezea mbele yake. Juzi mke wangu alipoweka sahani, Kaka aliutazama ugali wake mdogo, akautazama mchicha uliojaa upande wa pili, akanigeukia. "Mdogo wangu," akasema, "hivi hapa kitoweo ni kipi?"

Nikamwonyesha ugali. Akacheka, akanawa mikono, akaanza na mchicha.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, nawatakia afya njema. Kwaherini.